Makadirio ya Dodoma Yako Mikononi mwa Mnunuzi

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka: kati ya Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Msindikaji wa Hombolo au Mpunguzi akitembelea mashamba wiki chache kabla ya mavuno, anaweza kukisia mzigo utakaoingia kiwandani. Kinachomsumbua ni mauzo. Zabibu mbivu haisubiri, kwa hiyo hukamuliwa, na mchuzi wake wa kutengenezea mvinyo hukaa kwenye matangi hadi wanunuzi wakubwa waagize. Hawa ni wachache. Miongoni mwao imo Tanzania Distilleries ya Dar es Salaam, watengenezaji wa Konyagi na Dodoma Wine, kampuni tanzu ya Tanzania Breweries.

Tuseme kiwanda kinauza mchuzi wa shilingi milioni 400 kwa mwaka, nusu yake kwa mnunuzi mmoja, na faida ni milioni 40. Mnunuzi huyo akipunguza oda kwa robo, milioni 50 zimeondoka. Zabibu zilishalipiwa, mishahara iko palepale, riba ya benki pia. Mchuzi uliobaki ukiharibika tangini kabla ya kupata mteja mwingine, faida inageuka hasara ya milioni 10, ingawa shambani hakuna kilichoharibika.

Na uamuzi wa mnunuzi nao una chanzo chake. Mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya 75% umekuwa ukitozwa ushuru wa bidhaa mdogo kuliko mvinyo mwingine. Tofauti hiyo ikibadilishwa katika Muswada wa Fedha, hesabu za mwenye chupa zinabadilika kwanza, kisha za mwenye matangi. Msindikaji asiyeufuatilia muswada huo mwezi Juni anaandika makadirio gizani.

Masoko makubwa ya hisa nayo hukosea katika kumfuatilia mteja. Tarehe 8 Juni 2001, Callaway Golf ya Marekani ilishusha makadirio ya mauzo ya robo ya pili kutoka dola milioni 300 hadi 250, na ndani ya siku mbili hisa zake zikaanguka kwa takriban 30%. Coastcast, kiwanda cha vichwa vya fimbo za gofu, kilitegemea Callaway kwa nusu ya mauzo yake. Habari ilikuwa hadharani, lakini bei ya hisa za Coastcast haikutikisika ilipotangazwa. Watafiti wa fedha Lauren Cohen na Andrea Frazzini walikieleza kisa hicho mwaka 2008, wakionyesha kwamba wawekezaji wengi huchelewa kuunganisha habari za mteja na hesabu za anayemuuzia.

Coastcast angalau ilikuwa sokoni, kwa hiyo wawekezaji waliweza kujua inamtegemea nani. Kanuni ya kimataifa namba 8 ya taarifa za fedha, iliyoanza kutumika 2009, inazitaka kampuni zenye hisa sokoni kueleza kila mteja anayechangia 10% au zaidi ya mapato, hata bila kumtaja jina. Wasindikaji wa zabibu wa Dodoma hawamo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, hivyo hawabanwi na sharti hilo.

Kanuni hiyo inataka pia ipimwe kama taasisi za serikali zihesabiwe kuwa mteja mmoja. Kwa mji huu, hilo ni swali zito. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, wakandarasi, wachapaji na wenye hoteli wamejenga biashara zao juu yake. Vyumba hujaa wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Mwenye hoteli akichukua mapato ya Mei na kuyazidisha mara 12, amejidanganya. Mkandarasi naye anaweza kuwa na mkataba halali huku malipo yakichelewa, na benki haipokei mkataba kama rejesho la mkopo.

Ndiyo maana ofisa mikopo anayepima kiwanda cha mchuzi angeanza na mikataba ya mauzo kabla ya kuuliza ekari: imebaki misimu mingapi, nani anapanga bei, na fedha hulipwa siku ngapi baada ya mzigo kutoka Dodoma.