Prizi ya Wi-Fi inakatala rezo: mara nyingi haijakufa, inatafuta wimbi lake

Kila msikilizaji wa redio anajua jambo hili: ukiwa na kiredio cha zamani chenye mawimbi mafupi peke yake, hata ukizungusha sindano usiku mzima hautapata stesheni inayotangaza kwa FM. Kiredio si kibovu, na stesheni nayo iko inasema. Shida ni kwamba hawako kwenye mawimbi mamoja.

Jambo hilo hilo linawapata leo watu wanaonunua vifaa vya nyumbani vinavyoongozwa kwa simu: prizi, ampule, kamera ya kulinda parseli. Mtu analipa dola zake Lubumbashi ao Likasi, anafika nyumbani, anachomeka, simu inazunguka dakika mbili, kisha inaandika kwamba imeshindwa. Anajaribu mara tano. Mwisho anasema: «Iko imekufa, waliniibia», na kifaa kinatupwa kwenye kikapu. Mara nyingi kifaa hicho ni kizima kabisa.

Samaki ndani ya kongelateri

Mwadingusha inajulikana kwa umeme. Kituo chake kwenye maporomoko ya mto Lufira kilianza kazi mwaka 1930. Mitambo yake 6 ilitengenezwa upya kwa ushirikiano wa SNEL na wenye mgodi wa Kamoa-Kakula, kazi ikaisha mwaka 2021, na nguvu yake sasa ni karibu megawati 78. Hata hivyo, hapa kama kwingine katika Haut-Katanga, delestaji si neno geni.

Tuseme mama mmoja anauza samaki wa ziwa Tshangalele, lile lililotokana na bwawa la kituo hicho. Ana kongelateri, na kila wiki anapanda kwenda Likasi sokoni. Akiwa njiani hajui kama nyumbani umeme uko ao umekatika. Prizi ya Wi-Fi yenye kupima umeme, ikiwekwa kati ya ukuta na kongelateri, ingemwambia kwenye simu: mashini inavuta umeme, ao imenyamaza. Angempigia mtoto wake mapema, samaki wakahamishwa. Samaki wakioza, mtaji wa wiki nzima umekwenda. Kwa hiyo prizi inayokatala kushika rezo si mchezo wa matajiri.

Mlango mmoja, mawimbi mawili

Ruta nyingi za leo zinatangaza Wi-Fi kwa mawimbi mawili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ni kama redio moja yenye masafa mawili. Wimbi la 2.4 linakwenda mbali zaidi na linapita vizuri zaidi kwenye ukuta wa matofali. Wimbi la 5 linabeba mambo mengi kwa haraka, lakini linachoka mapema, na ukuta mnene unalizuia.

Vifaa vingi vya bei nafuu vinasikia 2.4 peke yake. Wanaovitengeneza wana sababu: chipu yake ni rahisi na inatumia umeme kidogo, na prizi haihitaji kasi kubwa ili kusema «washa» ao «zima». Chipu moja iliyotumiwa sana katika vifaa hivi, ESP8266 ya kampuni Espressif ya Shanghai, ilitoka mwaka 2014, nayo inajua 2.4 tu.

Shida inaingia pale ruta inapoyapa mawimbi yote mawili jina moja. Simu yako ikiwa karibu inachagua 5 sababu ina kasi. Kwa njia moja ya kuunganisha, simu inatuma angani jina la Wi-Fi na neno la siri, na prizi inatega sikio. Simu ikiwa kwenye 5, prizi haisikii kitu. Njo pale inaonekana kama imekufa.

Tusichanganye pia: Wi-Fi yenye jina linaloishia na «5G» si ile rezo mpya ya 5G ya kampuni za simu. Hapo 5 ni gigahezi za ruta yako tu.

Kufanya nini

*Kwanza, soma karatoni.* Ukiona «2.4 GHz» ao «802.11 b/g/n» bila herufi nyingine, kifaa kinasikia 2.4 peke yake.

*Kama una ruta ya nyumbani:* ingia kwenye mipangilio yake. Anwani ya kuingilia imeandikwa chini ya ruta, mara nyingi ni 192.168.1.1 ao 192.168.0.1. Tenganisha mawimbi kwa majina mawili, kwa mfano «Nyumba» kwa 2.4 na «Nyumba-5» kwa lingine. Unganisha simu kwenye «Nyumba», kisha anza upya na prizi.

*Kama ni Starlink,* ambayo ilipata ruhusa ya kufanya kazi Kongo mwezi wa 5 mwaka 2025: ruta yake nayo inaweka mawimbi yote chini ya jina moja. Kuyatenganisha kunafanyika ndani ya programu yake kwenye simu, upande wa mipangilio ya ruta.

*Kama unatumia simu kugawa megas:* kwenye Android nyingi, fungua mipangilio ya kugawa Wi-Fi, tafuta neno «bande», chagua 2,4 GHz. Kwenye iPhone mpya, washa «Maximiser la compatibilité». Lakini kumbuka: simu inayogawa ikitoka nyumbani, prizi inabaki yatima. Kwa yule mama, simu hiyo ni lazima ibaki, yeye aende Likasi na nyingine. Modemu ndogo ya mfukoni inaweza kufanya kazi hiyo, na nyingi za bei ya chini ni za 2.4 tu, kwa hiyo hazileti ubishi.

*Kama ruta inakatala kutenganisha:* sogea. Wimbi la 5 linakufa kwanza. Chukua prizi na ralonji, nenda na simu upande wa mwisho wa nyumba, nyuma ya kuta mbili, hadi simu ishike 2.4, kisha unganisha hapo. Njia nyingine: prizi nyingi zinaweza kufungua Wi-Fi yake ndogo yenyewe. Finya kibonyezo tena kwa muda mrefu mpaka taa iwake na kuzima polepole badala ya haraka. Simu inaingia kwenye Wi-Fi hiyo na kumpa prizi neno la siri mkono kwa mkono.

Bado inakatala? Tazama mambo matatu. Neno la siri liandikwe sawasawa, herufi kubwa na ndogo. Ulinzi wa ruta uwe WPA2, sababu vifaa vingi havijui WPA3. Na simu iruhusiwe kujua mahali ilipo wakati wa kuunganisha, kwani programu nyingi zinadai hivyo.

Kazi ikiisha, simu inaweza kurudi kwenye 5 bila shida. Ruta ni ile ile moja, itapitisha maneno kati yao.

Mambo ambayo karatoni haisemi kwa sauti

Umeme ukikatika, ruta nayo inazima, na simu haipati habari. Ruta ikae kwenye batri ao paneli ndogo. Hapo prizi ikipotea kwenye programu huku ruta ingali hai, umejua: umeme umekwenda.

Kisha kuna mtego mkubwa zaidi. Umeme ukirudi, prizi nyingine zinabaki zimezimwa mpaka mtu aziwashe. Kongelateri itakaa kimya huku taa za jirani zinawaka. Ndani ya programu kuna sehemu ya kuchagua prizi ifanye nini umeme ukirudi: weka iwake. Jaribu mwenyewe, chomoa na uchomeke, kabla ya kuiamini na samaki.

Tazama pia nguvu. Kongelateri inavuta sana inapoanza. Prizi ya ampea 10 inaweza kuchoka, ya 16 ni salama zaidi. Ikipata moto, iondoe.

Kwa kamera, badilisha neno la siri lililotoka kiwandani siku ile ile. Mwaka 2016, programu mbaya iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Na kamera inakula megas usiku na mchana, kuliko prizi kwa mbali.

Kwa hiyo kabla ya kurudisha kifaa kwa muuzaji na kugombana naye, uliza kwanza swali ambalo mwenye kiredio angeuliza: sindano iko kwenye mawimbi gani?