Maji Yasiyo Maji

Nilipokuwa nikifundisha sayansi Habaswein, niliingia siku moja katika gereji iliyo kando ya barabara iendayo Wajir, koo limenikauka kwa jua. Juu ya tairi kuukuu palikuwa na chupa ya plastiki, ile ile inayouzwa madukani ikiwa na maji ya kunywa. Nikanyosha mkono. "Wacha, mwalimu!" akapaza sauti kijana wa kazi. "Hayo ni maji ya betri."

Maji! Kilichokuwamo ni asidi ya sulfuriki, kiowevu kisicho rangi wala harufu, ambacho hutoboa nguo, huchoma ngozi, na kikiingia jichoni chaweza kulipofusha. Jina hilo hilo hupewa pia yale maji safi yasiyo na chumvi ambayo huongezwa betri inapokauka kwa joto. Vitu viwili, jina moja, chupa za namna moja. Tena katika nyika ambako kila chombo kitupu hutekewa maji.

Kijana yule hakuwa na glavu wala miwani ya kukinga macho. Shati lake lilikuwa limejaa matundu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri avitie alama vyombo vya kemikali na awape wafanyakazi mavazi ya kinga. Yamkini mwenye gereji hajapata kuisikia.

Nilimwuliza kijana angefanya nini asidi ikimrukia jichoni. Akanionyesha birika la kutawadhia. Jicho kama hilo lahitaji kuoshwa papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 20 au zaidi, kisha mgonjwa akimbizwe hospitali. Birika halimalizi hata dakika mbili.

Nasi walimu hatuna pa kujificha. Maabarani twahimiza kwamba asidi ndiyo imiminwe polepole ndani ya maji, wala si maji ndani ya asidi kali, kwa kuwa huchemka ghafla na kuruka. Twaishia hapo, mtihani ukapita. Kijana yule alikuwa amemaliza kidato cha nne; fomyula ya asidi aliitaja bila kusita.

Tulibandua karatasi ya chupa tukabandika nyingine: "Asidi. Hatari." Chini yake akaongeza kwa Kisomali, "khatar". Kisha tukajaza mtungi wa lita 20, tukauweka karibu na betri. Mwenye gereji akaniuliza ni nani atakayelipia maji hayo.