Moduli zinazosubiriana: kosa la Python na somo la Shisanhang



Shisanhang, pale Guangzhou, ndipo yalipokuwa maghala ya wafanyabiashara wa Ulaya enzi za dola ya Qing, ilipowabana watumie bandari hiyo tu, 1757 hadi 1842. Siku hizi ni mtaa wa nguo za jumla. Sasa chukulia kijana kaandika programu ya Python ya kufuatilia mizigo itokayo huko kwenda Kariakoo. Kaigawa vizuri ndani ya pakeji moja, yaani folda ya moduli, iitwayo mzigo. Usiku wa kufunga kontena anaongeza mstari mmoja tu, programu inagoma:

ImportError: cannot import name 'Oda' from partially initialized module 'mzigo.oda' (most likely due to a circular import)

Anafungua oda.py, klasi ya Oda anaiona ipo pale pale! Wala hajarogwa. Tazama mistari ya juu ya mafaili mawili:

oda.py: from mzigo.malipo import deni
malipo.py: from mzigo.oda import Oda

Python inapoagiza moduli, kwanza huandika jina lake kwenye daftari liitwalo sys.modules, ndipo huanza kuisoma toka juu kwenda chini. Inaanza oda, mstari wa kwanza unaipeleka malipo. Malipo nayo inadai Oda. Python inatazama daftari: mzigo.oda imo, basi hairudii kuisoma. Lakini imesomwa mstari mmoja tu, klasi haijafikiwa. Kwa hiyo jina halikupotea, halijazaliwa bado. (Kabla ya toleo la 3.8 la mwaka 2019 ujumbe haukutaja mduara, watu walihangaika kweli.)

Ni sawa na mwenye duka anayesema "lete hela nifunge mzigo", na mnunuzi anayejibu "funga kwanza nikupe hela". Wote wakweli, na hakuna kinachotoka. Dawa ni hizi:

1. Tafuta mtu wa kati. Hamishia klasi ya Oda kwenye msingi.py, moduli isiyoagiza chochote toka kwa hao wawili, nao wote waagize kwake. Hii ndiyo dawa ya kudumu.

2. Agiza moduli nzima badala ya jina: import mzigo.oda, halafu andika mzigo.oda.Oda ndani ya fanksheni. Hapo jina linatafutwa wakati wa kazi, moduli zote zimeshasomwa.

3. Weka mstari wa kuagiza ndani ya fanksheni yenyewe. Inafaa usiku wa kontena, ila mduara umeufunika tu, hujauondoa.

4. Kama Oda inahitajika kwa kutaja aina tu, agiza chini ya if TYPE_CHECKING (inatoka typing), na jina uliweke kwenye alama za kunukuu.

Msisahau __init__.py. Ukiorodhesha humo kila kitu kwa urahisi wa watumiaji, moduli ya ndani ikiagiza toka mzigo wenyewe, mduara umerudi kwa mlango wa uani.

Kubadilisha mpangilio wa mistari mpaka kosa litoweke si dawa. Leo inakubali, kesho mwenzako ataanza na moduli nyingine, igome tena. Chora kwanza nani anamhitaji nani, na lini: wakati wa kusomwa, au wakati wa kazi?

Mwenye njia nyingine atuongezee.