Mkongo, Matawi na Tundu: Kuunganisha Vihisi vya Boti

Vihisi vya boti ni vifaa vidogo ambavyo kila kimoja hupima jambo moja tu na kulitangaza: kina cha maji, mwendo, upande inakoelekea omo, nguvu ya upepo, joto la injini. Zamani kila kihisi kilikuwa na waya wake na saa yake mbele ya nahodha. Mwaka 1983 chama cha Marekani cha wenye biashara ya elektroniki za baharini, NMEA, kilitoa kanuni ya NMEA 0183. Kwa kanuni hiyo kifaa kimoja kinasema na vingine vinasikiliza, kwa kasi ya biti 4,800 kwa sekunde. Ilikuwa hatua kubwa, ila kila msemaji mpya alihitaji waya mwingine, na nyuma ya dashibodi pakawa msitu.

NMEA 2000, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliufyeka msitu huo. Imejengwa juu ya CAN, mfumo ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986 kwa ajili ya magari. Vifaa vyote hutumia njia moja, hupokea na kutuma, kwa kasi ya biti 250,000 kwa sekunde. Viwili vikianza kutuma kwa wakati mmoja, chenye ujumbe wa kipaumbele cha chini hunyamaza chenyewe, kama barazani mzee anapofungua kinywa, kisha hurudia zamu ikipatikana. Hakuna neno linalopotea.

Umbo la mtandao huo ni rahisi, lakini halina mjadala. Kuna kebo kuu moja, mkongo, inayopita kutoka upande mmoja wa boti hadi mwingine. Kwenye mkongo hupachikwa viungo vya umbo la T, na kila kiungo hutoa tawi linaloishia kwenye kifaa kimoja. Tawi moja lisizidi mita 6, matawi yote kwa pamoja yasizidi mita 78, na vifaa visizidi 50. Mkongo wa kebo nyembamba hauruhusiwi kupita mita 100, kiasi ambacho boti ya uvuvi au ya kutembeza watalii haikikaribii. Wanaokwama mara nyingi ni wale wanaofunga tawi juu ya tawi kwa sababu kiungo cha T kilikuwa mbali.

Katika kila ncha ya mkongo hufungwa rezista ya ohm 120. Ishara ya umeme ikifika kwenye ncha tupu hurudi nyuma na kuvuruga zinazoifuata, rezista huimeza. Hapa fundi ana kipimo kizuri kuliko vyote: azime umeme, kisha apime kwa multimita kati ya waya mweupe na wa buluu, ambazo ndizo zinazobeba habari. Akisoma takriban ohm 60, rezista zote mbili zipo. Akisoma 120, moja haipo au mkongo umekatika. Akisoma 40, kuna mtu ameongeza ya tatu. Dakika moja ya kipimo hicho huokoa siku nzima ya kubadilisha vifaa visivyo na kosa.

Boti ya tanga huleta mtihani wake. Kihisi cha upepo hukaa kileleni mwa mlingoti, na tawi la mita 6 halifiki huko. Jibu ni kuupandisha mkongo wenyewe mlingotini, na rezista ya ncha hiyo ikae juu.

Umeme wa mtandao, kwa kawaida wa volti 12, huingia mahali pamoja tu, kupitia fyuzi na swichi yake, na katika boti ndefu ni vizuri uingie karibu na katikati ya mkongo ili volti zisipungue sana kwenye ncha. Usitolewe kwenye waya za kuwashia injini: stata inapozunguka volti hushuka, na skrini huzimika saa ile ile nahodha anapoihitaji.

Kazi nzito iko kwenye kihisi cha kina, kwa kuwa ndicho kinachodai tundu chini ya maji. Hutuma mlio usiosikika na binadamu, mara nyingi wa kilohezi 50 au 200, na kusubiri mwangwi. Sauti hupita majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, hivyo chini pakiwa mita 15 mwangwi hurudi baada ya sehemu 2 za mia za sekunde. Adui wake ni hewa. Mapovu yakipita mbele ya kihisi, namba hurukaruka au hupotea, na ndiyo maana mahali pake huchaguliwa kabla ya kushika drili: mbali na propela na matundu ya kutolea maji, na mahali ambapo boti haiinuki juu ya maji inapokimbia. Tumbo la boti likiwa na mteremko, kabari huwekwa ili kihisi kitazame chini wima.

Ganda la boti nalo huchagua kihisi. Shaba nyeusi haifai kwenye boti ya aluminiamu, kwani ndani ya maji ya chumvi aluminiamu huliwa. Kwenye mashua ya mbao, kihisi cha plastiki ni hatari: ubao hunywa maji, huvimba, hubana plastiki hadi ipasuke. Hapo shaba nyeusi ndiyo chaguo. Ganda gumu la faiba huruhusu kuepuka tundu kabisa, kwa kubandika kihisi ndani ili mlio upenye gandani, ingawa kina kinachofikiwa hupungua. Ganda lenye povu au mbao nyepesi katikati haliruhusu hilo, kwa kuwa tabaka hilo limejaa hewa. Likitobolewa, ukingo wa tundu lake huzibwa kwanza kwa epoksi, maji yasije yakanyonywa humo.

Kihisi cha dira hakihitaji tundu, ila kinahitaji upweke. Spika, injini na nyaya zenye umeme mwingi hukipotosha, kwa hiyo huwekwa mbali navyo, kisha boti huzungushwa taratibu kwenye maji tulivu hadi kihisi kijirekebishe.

Mwisho ni namba. Kihisi hupima kuanzia kilipo, hivyo skrini huambiwa umbali hadi mkukuni au hadi usoni mwa maji. Zanzibar, ambako wakati wa bamvua maji kujaa na kupwa hupishana kwa takriban mita 4, nahodha asiyejua skrini yake inahesabu kutoka wapi anaweza kuikuta boti imekaa juu ya mwamba. Boti ikiwa imetia nanga, bildi hushushwa ubavuni na namba zikalinganishwa. Kisha injini huongezwa kasi na redio ya VHF hubonyezwa kana kwamba kuna anayeitwa. Dira ikiyumba redio inapotuma, kebo ya dira na ya redio zimelazwa pamoja na zinapaswa kutenganishwa.