Kabla ya kusema kijana hana sikio, kagueni nyuzi

Kuna hukumu moja itolewayo kwa wepesi katika kumbi za mazoezi za mitaa ya Eastlands, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Umoja, Dandora na Kayole. Kijana anapolipiga gitaa la besi na noti zake zikakataa kupatana na za wenzake, kiongozi wa kwaya au wa bendi humwambia: "Wewe huna sikio." Kijana huliweka gitaa chini, na aghalabu huo huwa ndio mwisho wake katika muziki.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si fundi wa ala. Hata hivyo, suala la sikio linaihusu taaluma yangu, nami nalipinga neno hilo waziwazi. Mtoto anayeitofautisha "Amekuja" ya kuarifu na "Amekuja?" ya kuuliza hutegemea kiimbo peke yake, kwani neno ni lile lile. Isitoshe, wengi wa watoto wa mitaa hii husikia nyumbani Dholuo, Kikamba au Gikuyu, lugha ambazo hutumia toni kutenganisha maana. Mwenye kusikia hayo yote ana sikio. Yamkini kasoro imo katika chombo.

Sauti ya uzi hutawaliwa na mambo matatu: urefu, uzito na mkazo. Uzi mrefu hutoa sauti ya chini kuliko mfupi, mzito kuliko mwepesi, na uliolegea kuliko uliokazwa. Anayebadilisha jambo moja sharti ayaangalie na mengine mawili.

Tuanze na urefu. Besi ya umeme aliyoitoa Leo Fender huko Marekani mwaka wa 1951 ilikuwa na nyuzi zenye urefu wa inchi 34, na kipimo hicho ndicho huitwa kirefu hadi leo. Besi fupi nyingi huwa na inchi 30. Mwalimu anaweza kupima kwa rula: aanzie pale nyuzi zinapoingia shingoni upande wa funguo, aishie kwenye chuma cha 12, kisha azidishe kwa mbili. Akipata inchi 17 kabla ya kuzidisha, besi hiyo ni ndefu, na nyuzi zilizotengenezewa besi fupi haziifai.

Nyuzi nne za besi, kutoka nene hadi nyembamba, huitwa E, A, D na G. Hutetema takriban mara 41, 55, 73 na 98 kwa sekunde. Pakiti ya kawaida kwa besi ndefu huandikwa 45, 65, 85 na 105, yaani unene wa kila uzi kwa sehemu za elfu za inchi. Kwa anayejifunza, pakiti hiyo inatosha kabisa.

Taabu huanza pale mtu anapotaka kushusha sauti kwa kufuata mtindo. Matatu za mitaa yetu zimewazoesha vijana ngurumo, na kila mpiga besi ataka ngurumo hiyo itoke vidoleni mwake. Mwanafunzi mmoja kutoka Umoja aliniuliza: "Mwalimu, nikiulegeza uzi wa E hadi B, si nitapata sauti ya besi ya nyuzi tano?"

Nilimjibu kwa hesabu. Kutoka E hadi B ya chini, uzi hupoteza takriban asilimia 44 ya mkazo wake. Uzi uliolegea kiasi hicho hugongagonga vyuma vya shingoni, na ukipigwa kwa nguvu sauti yake hupanda kwanza ndipo ishuke. Atakaye B, ambayo ni mitetemo 31 hivi kwa sekunde, atafute uzi wenye unene wa 130 au karibu na hapo, na fundi aupanulie njia ya kupitia.

Kushusha nusu toni ili kumfaa mwimbaji ni jambo jingine. Mkazo hupungua kwa asilimia 11 tu, na nyuzi zile zile huvumilia. Hilo si geni kwetu. Mpiga nyatiti huzikaza na kuzilegeza nyuzi zake nane kwa kufuata koo lake. Benga, ambayo D. O. Misiani (1940-2006) na Shirati Jazz yake waliivumisha, ilichota mengi katika ala hiyo.

Kuna na siri ya spika. Spika ndogo haiwezi kutoa barabara mitetemo 41. Sisi huisikia E kwa sababu ubongo huijenga kutokana na mitetemo mingine iliyo juu yake. Ndivyo simu ya waya ilivyokata karibu kila kitu kilicho chini ya mitetemo 300, na bado tukaitambua sauti nzito ya baba. Basi kwa spika ndogo, uzi safi uliokazwa sawasawa husikika vyema kuliko uliolegezwa ili ungurume.

Uchakavu nao ni adui. Jasho na uchafu huongeza uzito wa uzi pasipo usawa, hata uzi ukilinganishwa ukiwa wazi, noti za shingoni zisipatane. Vijana huzichemsha nyuzi. Husaidia kwa muda tu. Jaribio lake ni rahisi: uguse uzi kwa wepesi juu ya chuma cha 12 na kuupiga, kisha uukandamize papo hapo na kuupiga tena. Sauti mbili hizo zikitofautiana, ama nyuzi zimechakaa, ama kishikio cha uzi upande wa mwili wa gitaa chahitaji kusogezwa.

Walimu wenzangu, besi nyingi za mitaani ni za mkono wa pili na hushirikiwa na vijana watatu au wanne. Anayeishika leo hakuzichagua nyuzi zake. Pimeni urefu, someni pakiti, fanyeni jaribio la chuma cha 12. Kazi hiyo yote haizidi dakika kumi. Noti zikikataa hata baada ya hapo, mfundisheni kijana polepole, kwani bado analo sikio. Nanyi wanafunzi, msikubali kuhukumiwa kwa kosa la waya.