Kimarathi: mbona kinawatoa jasho wa mjini na wa kijijini?

Wengi wetu tukisikia India tunadhani wote wanaongea Kihindi kama kwenye muvi. Wapi! Mumbai, mji zinakotengenezwa muvi hizo, ni makao makuu ya jimbo la Maharashtra, na lugha ya jimbo ni Kimarathi. Sensa ya 2011 ilihesabu watu kama milioni 83 ambao ndiyo lugha yao ya kwanza. Cha ajabu, wanafunzi wa huko huko kinawasumbua.

Tuanze na mjini. Mumbai imejaa wahamiaji. Dogo nyumbani anaongea Kigujarati au Kitamil, mtaani Kihindi cha kuchanganya-changanya kama Sheng ya Nairobi, shuleni Kiingereza. Kimarathi anakutana nacho kwenye kipindi tu, kengele ikilia basi. Mwaka 2020 jimbo lilipitisha sheria kila shule ikifundishe. Sawa, lakini sheria haimpi mtoto mtu wa kupiga naye stori.

Halafu lugha yenyewe ina mitego. Inaandikwa kwa herufi za Devanagari kama Kihindi, kwa hiyo mtu anajiona anajua tayari. Kumbe Kihindi kina jinsia mbili, Kimarathi tatu: mulga ni mvulana, mulgi msichana, mul mtoto tu. "Sisi" nazo ziko mbili: amhi ni sisi bila wewe unayeambiwa, apan ni sisi pamoja na wewe. Kuna herufi moja inayosomwa "ch" hapa na "ts" pale, bila alama yoyote. Utajuaje? Kwa kusikia watu wakiongea, na huyo wa mjini hawasikii.

Sasa kijijini, utasema huko mteremko. Thubutu! Vitabu vimeandikwa kwa Kimarathi sanifu, kile cha Pune. Mtoto wa Vidarbha anaongea Kivarhadi, wa Khandesh anaongea Kiahirani. Akiandika kama bibi yake anavyoongea, anakula mkasi. Wagondi wa Gadchiroli na Wakorku wa Melghat ndiyo kabisa, lugha zao ni za ukoo mwingine, hivyo darasa la kwanza ni ugenini. Na kule Beed familia nyingi huhama kila mwaka kwenda kukata miwa, watoto wanafuata, masomo yanakatika katikati ya mwaka.

Hata kuhesabu ni kazi. Sisi tunasema ishirini na moja, wao ekvis, yaani moja inatangulia. Mwaka 2019 kitabu cha hesabu cha darasa la pili kikaleta "vis ek", ishirini moja, ili watoto wapumue. Watu wakaja juu, eti lugha inaharibiwa!

Mimi hii naielewa. Nilipoingia form one masomo yaligeuka Kiingereza, nikanyamaza mwaka mzima. Sikuwa mjinga, sikuwa na maneno tu. Nadhani na hao madogo wa Maharashtra ni hivyo hivyo: wa mjini anakosa wa kuongea naye, wa kijijini anaambiwa anachoongea ni makosa. Ukiwapa dawa moja wote, mmoja hataponea hapo.

Wewe je, lugha gani ilikunyamazisha darasani? Dondosha maoni hapo chini kabla muda wa kafe haujaisha. Pamoja!