Kuzunguka Dunia kwa Ndege ya Kwenye Kompyuta: Mtoto Anajifunza Nini?

Katika toleo hili sisi walimu wa kujitolea tumeona tuongee juu ya jambo ambalo wazazi wametuuliza zaidi ya mara moja. Mtoto akisema, "Mimi nitakuwa rubani," tumjibu nini? Kuna wanaomcheka. Kuna wanaomwambia aache kuota mchana. Na tena siku hizi vijana wameona kwenye simu video za watu wanaorusha ndege kwenye kompyuta, ati wanazunguka dunia nzima huku wamekaa kwenye kiti nyumbani kwao. Wanatuuliza: Hiyo ni kweli? Mtu anaweza kuwa rubani kwa njia hiyo?

Tutajibu maswali yote mawili. Tunaomba msome mpaka mwisho, maana huko kuna zoezi ambalo familia inaweza kulifanya bila kompyuta.

Mchezo wenyewe ni nini?

Ni programu ya kompyuta inayoigiza urushaji wa ndege. Kwenye kioo unaona mbele ya ndege, saa za kuonyesha mwendo na mwinuko, dira na kipimo cha mafuta. Wengine hufunga mezani usukani mdogo na kuweka kanyagio chini ya miguu. Programu inayojulikana zaidi ni Microsoft Flight Simulator, ambayo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1982. Wakati huo picha ya ardhi ilikuwa rahisi sana. Toleo la mwaka 2020 lilitumia picha za setilaiti za dunia nzima na likawa na viwanja vya ndege zaidi ya 37,000, hata hali ya hewa ya siku ile ile. Hilo linataka kompyuta yenye nguvu na intaneti ya haraka. Kuna nyingine inaitwa FlightGear, ambayo ni ya bure. Iliandikwa na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, na ilianza miaka ya 1990.

Watu wengi wanaotaka kuzunguka dunia hawachagui ndege kubwa ya abiria. Huchagua ndege ndogo kama Cessna 172. Hii ni ndege ya kweli, yenye injini 1 na viti 4. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1955, na zimetengenezwa zaidi ya 44,000. Marubani wengi duniani walijifunzia ndege hii.

Kwa nini wachague ndogo? Kwa sababu kubwa inaruka bahari nzima mara moja, na mtu hajifunzi kitu. Ndogo inamlazimisha kufikiri.

Safari ndefu hukatwa vipande

Dunia kwenye ikweta ina mzunguko wa kilometa 40,075. Cessna 172 tuihesabu kwa mwendo wa kilometa 200 kwa saa. Gawanya mwenyewe: ni saa 200 hewani. Mtu anayecheza saa 1 kila jioni baada ya kazi anamaliza kwa siku 200, yaani zaidi ya miezi 6. Hakuna anayekaa mpaka amalize. Anatua, anazima kompyuta, kesho anaendelea pale pale alipoishia.

Lakini ndege hii haiwezi kuvuka Bahari ya Atlantiki kwa mruko mmoja. Tangi lake linabeba kama lita 200 za kutumika, na injini inakunywa kama lita 35 kwa saa. Basi rubani anatafuta visiwa na kupita kaskazini, kwenye baridi. Tazameni vipande vya njia moja inayowezekana (kilometa ni za kukadiria):

Wick, Scotland, hadi Vagar, visiwa vya Faroe: kilometa 460.
Vagar hadi Reykjavik, Iceland: kilometa 770.
Reykjavik hadi Kulusuk, mashariki ya Greenland: kilometa 740.
Kulusuk hadi Nuuk, mji mkuu wa Greenland: kilometa 700.
Nuuk hadi Iqaluit, Kanada: kilometa 820.

Jumla ni kilometa 3,490, na hakuna kipande kinachozidi 850. Bahari iliyoonekana haivukiki imevukwa kwa vipande vitano. Wazee wetu walisema, bandu bandu huisha gogo.

Watoto wetu wengi wanalijua jina la Kanada kwa sababu ya habari za familia zilizopelekwa huko. Lakini ukiwapa ramani, hawajui waweke kidole wapi. Kwa zoezi kama hili wanaona Kanada iko wapi, na katikati kuna nini, na kwa nini huko kuna barafu.

Mafuta, upepo na kungoja

Hapa ndipo hesabu inakuwa jambo la uhai. Chukua kipande cha mwisho, Nuuk hadi Iqaluit. Hewa ikitulia, kilometa 820 kugawa kwa 200 ni saa 4 na dakika 6. Mafuta yanatosha saa 5 na dakika 42 hivi. Kuna akiba nzuri.

Sasa weka upepo unaokuja mbele kwa kilometa 50 kwa saa. Ndege inabaki na mwendo wa 150 juu ya ardhi. Safari inakuwa karibu saa 5 na nusu. Akiba imebaki ya dakika 15 hivi tu. Rubani wa kweli anatakiwa abaki na akiba ya angalau nusu saa. Basi afanye nini? Asiondoke. Angoje upepo ugeuke. Ndege haijaharibika na rubani siyo mwoga. Hesabu ndiyo imesema ngoja.

Mlima nao una hesabu yake. Cessna 172 inaweza kupanda mpaka kama mita 4,100. Kilimanjaro ina mita 5,895. Hata ukivuta usukani namna gani, ndege haitapita juu ya kilele, maana huko hewa ni nyepesi na injini inakosa nguvu. Lazima uzunguke. Mtoto anayeuliza fizikia ya hewa inamsaidia nini, jibu lake ni hilo.

Siku inayoruka

Ukitoka Kanada unapita Alaska, ambayo ni ya Marekani, mpaka mji wa Nome. Ng'ambo ya maji ni Urusi. Kutoka Nome hadi Provideniya ni kama kilometa 375, chini ya saa 2. Lakini katikati unapita Mstari wa Tarehe. Majira ya baridi, ukiondoka Nome Jumatatu saa 4 asubuhi na ukatumia saa 2, unafika Jumanne saa 3 asubuhi! Kumbe hukuchelewa kitu. Dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kila saa, na saa za nchi zinafuata jua. Lazima kuwe na mahali pa kubadilisha tarehe, na watu wakakubaliana pawe huko katikati ya bahari, ambako watu ni wachache.

Mambo ambayo kompyuta haina

Tusiwadanganye. Kwenye kompyuta ukianguka, unabonyeza kitufe na kuanza tena. Mafuta hayana bei. Na hakuna mtu anayekuuliza hati ya kusafiria. Unavuka mpaka wowote, unatua nchi yoyote. Sisi tunaoishi kambini tunajua jinsi jambo hilo lilivyo mbali na maisha.

Waliofanya safari ya kweli wanajua pia. Jerrie Mock, mama wa watoto 3 kutoka Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, ndiye mwanamke wa kwanza kuzunguka dunia peke yake kwa ndege. Ilikuwa mwaka 1964, naye alikuwa na miaka 38. Ndege yake ilikuwa Cessna 180 ya injini 1. Ndani waliondoa viti wakaweka matangi ya mafuta, ili aweze kuvuka bahari. Huko Misri alitafuta uwanja wa Cairo akatua kwenye uwanja wa jeshi, akajikuta kati ya askari. Baadaye wakamruhusu aende Cairo. Alimaliza safari kwa siku 29.

Zara Rutherford, binti mwenye asili ya Ubelgiji na Uingereza, aliondoka Ubelgiji Agosti 2021 akiwa na miaka 19. Wazazi wake wote wawili ni marubani. Alifikiri safari itachukua miezi 3 hivi. Pale Nome alikwama wiki nyingi, maana viza yake ya Urusi iliisha muda na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Alipoingia Urusi akakwama tena katika kijiji cha Ayan kwa sababu ya hali ya hewa. Alirudi nyumbani Januari 2022, baada ya siku 155. Ndege ilikuwa nzima na mafuta yalikuwepo, lakini bila karatasi na bila anga nzuri hakuweza kuondoka. Alipofika akawa mwanamke mwenye umri mdogo kuliko wote waliozunguka dunia peke yao kwa ndege. Siku zile za kungoja hazikumwondolea safari yake.

Fanyeni nyumbani, bila kompyuta

Sehemu kubwa ya kazi ya rubani hufanyika mezani kabla ya kuondoka: ramani, rula, kalamu na daftari. Hiyo hata sisi tunaweza.

Kwanza, tafuteni ramani yenye kipimo. Ikiwa sentimeta 1 ni kilometa 50, basi sentimeta 3 ni kilometa 150. Mtoto apime kwa rula, aandike.

Pili, agawe kwa 200 apate saa, kisha azidishe kwa 35 apate lita za mafuta.

Tatu, mzazi awe upepo. Aseme: "Leo upepo uko mbele yako, kilometa 40." Mtoto ahesabu upya na aamue: ninaondoka au ninangoja? Aeleze sababu.

Angalizo moja: ramani kubwa ya dunia ya ukutani mara nyingi inadanganya upande wa kaskazini. Greenland inaonekana karibu sawa na Afrika, kumbe Afrika ni kubwa mara 14 hivi. Kwa njia za kaskazini pimeni kwa uzi juu ya tufe la dunia, au tumieni kilometa tulizoandika hapo juu.

Wazee nao wasikae pembeni. Waliovuka Ziwa Tanganyika kwa boti usiku wanajua urefu wa maji yale kuliko atlasi. Kutoka Kigoma hadi Kalemie ni kama kilometa 120. Kwa hesabu yetu, Cessna inatumia dakika 36. Mtoto amuulize babu yake boti ilitumia muda gani, halafu alinganishe. Hapo jiografia inakuwa habari ya nyumbani.

Basi mtoto tumjibu nini?

Msimcheke, na pia msimpe ahadi za uongo. Mwambieni ukweli. Kanuni za kimataifa zinataka rubani wa ndege ndogo binafsi awe na miaka 17 na saa zisizopungua 40 za mafunzo hewani. Rubani wa biashara awe na miaka 18, na kwa kawaida saa 200. Nahodha wa ndege kubwa ya abiria anahitaji miaka 21 na saa 1,500. Lazima apimwe na daktari. Akiruka nje ya nchi yake, lazima aweze kuongea kwa redio na waongozaji wa ndege, na lugha inayotumika mara nyingi ni Kiingereza. Mafunzo hayo ni ghali sana, na wengi wanaoyataka hawayafikii.

Saa za mchezo wa kompyuta wa nyumbani hazihesabiwi katika leseni. Kwa hiyo mtu akija na kusema, "Lipa pesa, kijana wako atapata cheti cha urubani kwa kompyuta," msilipe.

Lakini hesabu, fizikia, jiografia na Kiingereza anavyohitaji rubani ni vile vile anavyohitaji fundi wa ndege, mwongozaji wa ndege, mtabiri wa hali ya hewa, mpimaji wa ardhi na hata dereva wa lori la masafa marefu. Mtoto anayejifunza kwa ajili ya ndege hapotezi kitu hata kama hatapanda ndege. Anayeachishwa kwa kuchekwa ndiye anayepoteza. Na hilo tunalisema zaidi kwa ajili ya mabinti, maana wao ndio wanaochekwa zaidi.

Kwa hiyo mzazi, mtoto akisema atakuwa rubani, mwambie: "Vizuri. Leta daftari, tupange kipande cha kwanza."

Fumbo la mwezi

1. Kigoma hadi Bujumbura ni kama kilometa 180. Kwa mwendo wa kilometa 200 kwa saa, ni dakika ngapi, na mafuta lita ngapi?

2. Unataka kutoka Vagar kwenda Reykjavik, kilometa 770. Upepo uko mbele yako kwa kilometa 40 kwa saa. Tangi lina lita 200. Je, utafika na akiba ya nusu saa? Unaondoka au unangoja?

3. Herufi za ubavuni mwa ndege huonyesha nchi ilikoandikishwa. 5H ni Tanzania, 9Q ni Kongo ya Kinshasa, 9U ni Burundi, 9XR ni Rwanda, 5Y ni Kenya na 5X ni Uganda. Ukiona ndege imetua, au picha yake, soma herufi zake na uandike imeandikishwa nchi gani.

Wanafunzi waandike majibu pamoja na njia ya hesabu, wawape walimu wao. Majibu tutayatoa katika toleo lijalo.